Bwana Afya aliyemtunga Bwana Msa: maisha na kazi ya Muhammed Said Abdulla

Mwezi uliopita, katika kipindi chetu cha vitabu, tulitaja jina la Bwana Msa kwa kupita tu. Mada ya usiku ule ilikuwa nyingine kabisa. Kabla kipindi hakijaisha, simu ya studio ilikuwa imejaa ujumbe. Wapo waliokumbuka kumsoma wakiwa shuleni, kitabu kimoja kikizunguka darasa zima mpaka jalada likatoka. Wapo vijana waliouliza kama Bwana Msa alikuwa askari wa kweli wa Zanzibar. Na mzee mmoja akatuandikia kwa kifupi: "Msimtaje mtu halafu mkamwacha njiani."

Basi tunarudi kumchukua. Bwana Msa hakuwa askari, na wala hakuwahi kuishi. Ni mtu wa kwenye vitabu. Lakini aliyemtunga aliishi, akafanya kazi za kawaida kabisa, na kazi hizo ndizo zinazotusaidia kuelewa kwa nini hadithi zake zilishika watu vile. Jina lake ni Muhammed Said Abdulla. Chukua herufi ya kwanza ya kila jina, M, S na A, uziunganishe. Utampata Msa.

Mtoto wa Makunduchi

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Wengi wenu mnaijua Makunduchi kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, ile ya kila Julai ambayo watu hupigana kwa magomba ya migomba na kuchoma kibanda cha makuti ili kuuaga mwaka. Ni upande wa kisiwa ambao mambo ya wazee hayakusahaulika haraka. Hilo tuliweke pembeni kidogo, tutalirudia.

Alimaliza masomo mwaka 1938, akaajiriwa Idara ya Afya kama mkaguzi. Siku hizo mtu wa kazi hiyo aliitwa bwana afya, na huku kwetu wazee bado wanatumia jina hilo. Kazi ya bwana afya ni kuingia majumbani mwa watu bila kualikwa. Anafunua mtungi, anachungulia kisima, anauliza choo kiko wapi, anaangalia maji yametuama wapi na kwa nini. Mwenye nyumba humwambia kila kitu ni safi. Yeye hajibu, anaangalia. Alifanya kazi hiyo miaka kumi.

Hakuna mahali tulipomsikia Abdulla mwenyewe akisema kwamba ubwana afya ndio uliomfundisha upelelezi, kwa hiyo haya ni maoni yetu. Ila ukimsoma Bwana Msa anavyoingia nyumba yenye msiba, anavyosalimia, anavyokaa na macho yake yanavyotembea huku mdomo ukizungumzia mambo mengine, ni vigumu kutomwona mkaguzi wa afya aliyevaa nguo nyingine.

Mwaka 1948 aliacha afya akaingia uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka iliyofuata alikuwa mhariri msaidizi katika magazeti ya Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Majina haya leo hayamwambii kijana kitu, lakini kwa Zanzibar ya miaka ya 1950 yalikuwa na uzito. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilikuwa sauti ya Waafrika wa visiwani. Ilikuwa miaka ya mabishano makali kuhusu nani mwenyeji, nani mgeni, na nani atatawala Mwingereza akiondoka. Mtu aliyekaa kwenye meza za pande hizo mbili alisikia habari ile ile ikisimuliwa kwa namna mbili, kila upande ukiapa kuwa ndio wenye ukweli. Kwa mwandishi wa hadithi za siri hiyo ni shule kubwa, maana hadithi hizo zinajengwa na watu watatu wanaosimulia usiku mmoja na usiku huo haufanani.

Mwaka 1958 alipewa uhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo la Zanzibar. Alikaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 1968. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipita yeye akiwa mhariri. Kwa hiyo msikilizaji uliyetuuliza kama mwandishi huyu alikuwa msomi wa mjini asiyejua jembe, jibu ni kwamba kwa miaka kumi mkate wake ulitoka kwa wakulima. Gazeti la wakulima linasomwa na mtu aliyerudi shamba amechoka, kwa mwanga wa taa ya mafuta. Sentensi isipoeleweka mara ya kwanza, gazeti linafungiwa vitumbua.

Maiti penye mzimu

Wakati huo huo Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyojulikana zaidi kwa jina lake la Kiingereza la East African Literature Bureau na makao yake yakiwa Nairobi, iliandaa shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958. Abdulla alipeleka mswada wake. Ukashika nafasi ya kwanza. Mwaka 1960 ukatoka kama kitabu: Mzimu wa Watu wa Kale. Wengi wanakihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya upelelezi kwa lugha ya Kiswahili.

Hapa inabidi tueleze neno moja, kwa sababu huku Kanda ya Ziwa tukisikia mzimu tunafikiria roho za mababu. Unguja neno hilo hutumika pia kwa mahali penyewe: pango, mti mkubwa, au mawe ya kale, ambako watu huenda kuweka nadhiri, kufukiza ubani na kufunga vipande vya kitambaa. Ni mahali pa heshima na pa hofu. Mtoto wa Makunduchi hakuhitaji kufundishwa jambo hilo na mtu.

Katika riwaya, Bwana Ali anakutwa amekufa penye mzimu wa namna hiyo. Amekufa vipi na kwa mkono wa nani hatutakuambia, maana tukisema tutakuwa tumekuibia kitabu. Tutakachosema ni kwamba mahali maiti ilipolala panatoa jibu rahisi kabla mtu hajauliza swali. Amekufa kwenye mzimu. Basi kauawa na mzimu. Watu wakishakubaliana hivyo, hakuna wa kukamatwa na hakuna wa kuhojiwa. Anazikwa, na maisha yanaendelea.

Bwana Msa hakubali kwenda haraka hivyo. Hawatukani wenye imani yao, na wala hapigi kelele kwamba mizimu haipo. Anauliza tu. Nani alimwona mara ya mwisho? Alikuwa anakwenda wapi saa zile? Nani alijua atapita njia hiyo? Nani anapata nini yeye akifa? Mzimu hauna haja ya urithi, lakini binadamu anayo.

Tunakaa hapa kwa muda kwa sababu jambo hili kwetu si la hadithi tu. Sote tunajua yaliyowapata wazee wetu, hasa wanawake, katika vijiji vya mikoa ya huku. Mtoto anaumwa ghafla na kufa. Ng'ombe wanakufa wawili kwa wiki. Mtu anasema kuna mkono wa mtu, na mkono huo unatafutwa kwa bibi anayeishi peke yake, na ushahidi wote ni kwamba ana macho mekundu. Bibi wa watu amepika miaka hamsini kwa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi ndio uliomfanya macho mekundu. Swali moja tu la Bwana Msa, "Bibi huyu anapikia nini?", lingetosha kuvunja kesi yote. Na swali lake la pili huwa baya zaidi kwa waliomshtaki: shamba la bibi huyu litabaki kwa nani?

Abdulla hakuandika juu ya Shinyanga wala Mwanza. Aliandika juu ya watu wa kisiwani kwake. Lakini alichokiweka mbele ya msomaji wa Kiswahili mwaka 1960 ni mazoea ya kutoridhika na jibu la kwanza, na akakiweka bila kuhubiri, ndani ya hadithi ambayo mtu alisoma mpaka usiku wa manane kwa sababu alitaka kumjua muuaji.

Kiko cha Uingereza, kanzu ya Unguja

Mara kwa mara tunaulizwa kama Bwana Msa ameigwa. Ndiyo, kwa kiasi, na si siri. Huko Uingereza daktari mmoja aitwaye Arthur Conan Doyle alianza mwaka 1887 kuchapisha hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, akimchorea tabia kutoka kwa mwalimu wake wa udaktari huko Edinburgh, Joseph Bell, ambaye alikuwa akimwangalia mgonjwa mikono na viatu na kutaja kazi yake kabla hajafungua mdomo. Holmes anavuta kiko. Bwana Msa naye anavuta kiko. Holmes ana rafiki, Watson, anayemfuata kila mahali na kuchelewa kuelewa. Bwana Msa ana Najum.

Lakini Najum ana mambo yake. Ana haraka. Anamtaja muuaji mapema, halafu anambadilisha, halafu anakasirika kuona mwenzake anavuta kiko chake kana kwamba hakuna maiti. Anatuchekesha, na huku akituchekesha anafanya kazi muhimu: makosa anayoyafanya yeye ndiyo tunayoyafanya sisi tunaosoma. Kila ukidhani umemjua mhalifu, tazama vizuri, utamkuta Najum amekaa hapo hapo ulipokaa.

Huo ndio ufundi wa hadithi za aina hii, na kwa msikilizaji ambaye hajawahi kusoma hata moja, tuueleze kwa mfano wa nyumbani. Ng'ombe akipotea usiku, wafuatao nyayo huangalia mambo mengi: unyayo wenyewe, kinyesi ni kibichi au kimekauka, jani limevunjika kuelekea wapi. Mwizi mjanja anajua hivyo. Atampitisha ng'ombe kwenye maji, au atamchanganya na kundi jingine. Mwandishi wa upelelezi ndiye mwizi na ndiye mfuata nyayo kwa wakati mmoja. Lazima aache kila unyayo mahali ambapo msomaji anaweza kuuona, la sivyo amedanganya. Na lazima aupitishe kwenye maji, msomaji aupite bila kuutilia maanani. Ukifika mwisho ukarudi nyuma kurasa mia, unaukuta ulikuwepo tangu mwanzo, umekaa katikati ya maneno ya kawaida ya kuulizana hali. Abdulla alilijua hilo. Katika vitabu vyake salamu na porojo za kahawani si za kujazia kurasa, na msomaji anayeziruka ndiye atakayeshangaa mwishoni.

Tofauti kubwa na Holmes ni mahali siri inapokaa. Holmes anasoma majivu ya sigara na tope la London. Bwana Msa anasoma ukoo. Nani ni mtoto wa nani, nani alimwacha nani, nani alilelewa kwa nani na kwa jina lipi, nani anajiita ndugu na si ndugu. Katika jamii ya pwani, ambako mtu anaweza kuwa na mashangazi na wajomba kutoka Makunduchi hadi Oman, hilo si swali dogo. Ndani yake mna urithi, mna ndoa, mna aibu iliyofichwa miaka thelathini.

Baada ya kustaafu

Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka 1968, mwaka ule ule aliostaafu. Jina lenyewe ni mtego. Giningi katika simulizi za Unguja ni mji wa wachawi, mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki na akifika harudi. Kwa mara nyingine msomaji anavutwa na hofu ya mambo yasiyoonekana, halafu anapelekwa kwa watu wenye miguu miwili.

Kisha likaja jambo linalotufurahisha sisi binafsi. Wengi wakistaafu hukaa barazani. Abdulla, akiwa ametimiza miaka 55, alianza kutoa kitabu kila mwaka: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Hapa damu inapungua na siri za nyumbani zinaongezeka. Majina tu yanakuambia. Mwaka 1984 kikatoka Kosa la Bwana Msa, na hapo hata mpelelezi mwenyewe hakusalimika. Abdulla alifariki mwaka 1991.

Vitabu saba, basi. Si vingi ukilinganisha na waandishi wa Ulaya wa aina yake, lakini vilifungua mlango. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na upelelezi ukahamia Dar es Salaam. Miaka ya 1970 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba, jasusi wa bastola na ndege, kuanzia Kufa na Kupona. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akaja na Joram Kiango. Hawa ndio waliosomwa kwenye mabasi na gesti, na tunajua wasikilizaji wengi wanaume waliozidi miaka 45 wamejifunza kusoma haraka kwa sababu ya Willy Gamba. Mwendo wao ni wa kasi na risasi nyingi. Bwana Msa hana bastola ya kutegemea. Ana kiko, masikio na subira.

Lawama zipo pia, na ni haki kuzitaja. Wapo wanaosema hadithi hizi ni za burudani tu, kwamba Zanzibar ilipita katika mapinduzi na mwandishi akaendelea kutafuta nani ni baba wa nani. Ni kweli kwamba ukitaka habari za mashamba ya karafuu, mabwana na watumwa wao, utazipata kwa Shafi Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad, si kwa Abdulla. Lakini sisi hatukubaliani na neno hilo "tu". Mtu anayemfundisha msomaji kuuliza "umejuaje?" hajafanya burudani peke yake.

Kwa anayetaka kusoma

Swali lililorudiwa zaidi katika ujumbe wenu lilikuwa: vitabu vinapatikana wapi? Jaribuni kwanza maktaba ya mkoa na maktaba za shule za sekondari kongwe, maana huko nakala za zamani hukaa kwenye rafu za chini ambako hakuna anayeinama. Wauza vitabu vilivyotumika kando ya stendi pia huwa navyo mara moja moja. Kuhusu nakala zinazotumwa kwenye makundi ya simu, kumbukeni kwamba sheria ya hakimiliki huku Bara inailinda kazi ya mwandishi miaka 50 baada ya kifo chake. Abdulla alifariki 1991. Hesabu mnaweza kuifanya wenyewe, na ndiyo maana nasi hatusomi kitabu kizima hewani ingawa mmetuomba.

Jambo la lugha. Kiswahili cha Abdulla ni cha Unguja, mahali ambapo shule ni skuli na nyanya ni tungule, na mtu wa bara atakutana na neno la kumsimamisha. Asitupe kitabu. Asome mbele, sentensi mbili baadaye neno litakuwa limejieleza. Msikilizaji mmoja, mama muuza dagaa, alituambia kwamba anamsomea mumewe kwa sauti na maneno magumu wanayabishania mpaka wanasahau taa inakula mafuta.

Ukipata kimoja tu, anza na Mzimu wa Watu wa Kale. Ukipata viwili, cha pili kiwe Kisima cha Giningi. Kosa la Bwana Msa kiache mwisho, hata kama ndicho kitakachokuja mkononi kwanza, kwa sababu kosa la mtu halina ladha kama hujawahi kumwona akipatia.